Figo Zimefeli na Mashine Haipo: Namna ya Kumtunza Mgonjwa Bila Kusafisha Damu

Mwongozo huu ni wa tabibu na muuguzi wa kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na wa ndugu anayekaa na mgonjwa nyumbani. Unamhusu mtu mzima ambaye figo zake zimefeli kabisa na hatasafishwa damu, ama kwa sababu huduma iko mbali, ama fedha haitoshi, ama mwili hauwezi, ama mwenyewe hataki. Kusafisha damu kwa kawaida ni saa nne kila kipindi, vipindi vitatu kwa wiki, mpaka mwisho wa maisha au mpaka mtu apandikizwe figo. Upandikizaji ulianza kufanyika Tanzania mwaka 2017, Muhimbili, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, na bado wanaoufikia ni wachache.

Wengi hubaki na ile kauli ya "mpelekeni nyumbani". Nyumbani sawa, lakini aende na dawa, karatasi ya dozi na namba ya mtu wa kupigiwa simu. Kuwashwa, kichefuchefu, kubanwa pumzi, maumivu na kukosa usingizi vyote vina dawa za bei nafuu. Panapoharibika ni kwenye dozi: dawa ambayo figo nzima ingeitoa kwa saa chache sasa hukaa mwilini siku nzima na zaidi, na dozi ya pili inaikuta ya kwanza bado ipo.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli hazitarudi

Kreatinini (taka ya damu ambayo figo huitoa) ikiwa kubwa, hiyo peke yake haitoshi. Figo zilizozimwa ghafla na malaria kali, kuhara, kutokwa damu wakati wa kujifungua, maambukizi au dawa za kienyeji zinaweza kurudi, na mgonjwa wa namna hiyo anastahili kukimbizwa kwenye mashine hata kama ni ya wiki mbili tu. Tafuta majibu ya zamani. Kreatinini iliyokuwa juu kwa miezi mitatu au zaidi, na figo zilizosinyaa kwenye ultrasaundi, zinaonyesha ugonjwa wa kudumu. Lakini figo za mwenye kisukari au VVU zinaweza kubaki na ukubwa wa kawaida hata zikiwa zimekufa, kwa hiyo ukubwa usikudanganye.

Papasa kibofu. Mzee mwenye tezi dume iliyoziba anaweza kuja na kreatinini ya kutisha, ukamwekea mpira wa mkojo, na baada ya siku chache ikaanza kushuka. Kwa mwanamke, kumbuka saratani ya shingo ya kizazi, ambayo hubana mirija inayotoka kwenye figo. Kipimo cha dakika tano hapa kinaweza kubadilisha kila kitu kinachofuata.

Hatua zinazofuata ni kwa mwenye ugonjwa wa kudumu ambaye uchujaji wa figo umeshuka chini ya mililita 15 kwa dakika.

Hatua ya 2: Zungumza kabla familia haijauza shamba

Kaa chini na mgonjwa, mahali pasipo na watu wanaopita. Anza kwa kumuuliza anachokijua: "Baba, umeelezwa nini kuhusu huu ugonjwa?" Kisha muulize kama angependa kuelezwa yote, na nani awepo. Wengine watasema mwambie mwanangu mkubwa. Hilo ni jibu halali, mradi limetoka kwake na si kwa huyo mwana.

Mweleze waziwazi: figo hazitapona, mashine hufanya kazi ya figo lakini haiziponyi, na bila mashine bado yapo matibabu. Usiseme "hakuna la kufanya".

Kikao cha familia ni lazima, kwa sababu michango inaanzia hapo. Andika kwenye karatasi gharama ya kipindi kimoja, zidisha kwa vipindi vya mwezi, ongeza nauli, chakula na malazi ya msindikizaji. Uliza bima inalipia vipindi vingapi na kwa muda gani. Mara nyingi tunaona familia inauza kiwanja, mgonjwa anasafishwa miezi miwili, fedha inakwisha, anafariki, na watoto wanabaki bila ada. Wakitaka kujaribu mashine wajaribu, lakini wapange mapema tarehe ya kukaa tena, tuseme baada ya wiki sita, na wakubaliane ni dalili gani zitaonyesha kwamba inasaidia.

Mtu akiacha mashine wakati hapati mkojo kabisa, kwa kawaida hubaki na siku chache hadi wiki mbili hivi. Yule ambaye hajawahi kuwekwa kwenye mashine na bado anapata mkojo anaweza kuishi miezi, na wapo wanaofika mwaka na zaidi. Muda huo ndio unaopangiwa.

Hatua ya 3: Pitia dawa zote alizonazo

Mwambie ndugu alete mfuko mzima wa dawa, na zile za dukani na za mitishamba. Kisha ondoa:

- Diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake. Zinamaliza mkojo uliobaki, zinapandisha presha na kuleta vidonda vya tumbo.
- Metformini na glibenklamidi, dawa za kisukari. Ya pili hushusha sukari hadi mgonjwa kuzimia, kwa sababu haitoki mwilini. Insulini nayo ipunguzwe, mara nyingi hadi karibu nusu ya dozi ya zamani, na sukari ipimwe. Wakati mwingine ndugu hushangilia kwamba "kisukari kimepona", kumbe ni figo zilizoshindwa kuitoa insulini.
- Spironolaktoni, inayozuia potasiamu isitoke mwilini, na chumvi mbadala za "wenye presha", ambazo zimejaa potasiamu.
- Dawa za kiungulia na za kulainisha choo zenye magnesiamu.
- Jentamaisini (antibiotiki ya sindano), isipokuwa pale ambapo hakuna nyingine na daktari amehesabu dozi.

Presha ikiwa juu, amlodipini miligramu 5 hadi 10 kwa siku haihitaji kupunguzwa kwa ajili ya figo, ingawa inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu.

Hatua ya 4: Maji na chumvi

Imani inayoua haraka kuliko zote ni ile ya "kunywa maji mengi usafishe figo". Figo zikishafeli, maji hayo hayana pa kutokea. Yanapanda miguuni, tumboni, kisha mapafuni.

Kipimo ni hiki: mkojo wa jana pamoja na nusu lita. Kusanya mkojo wa saa 24 kwenye dumu safi la lita tano, upime kwa kopo la nusu lita. Aliyetoa mililita 400 jana, leo anakunywa mililita 900. Siku ya joto kali, au akiharisha, ongeza kidogo.

Ili asibishane na mtu kutwa nzima, jaza chupa moja kiasi hicho asubuhi. Kila anywapo kitu kingine, iwe chai, uji, supu, togwa, maziwa au maji ya kumezea dawa, mimina kiasi hichohicho kutoka kwenye ile chupa. Chupa ikikauka, siku imekwisha. Kiu ipunguzwe kwa kusukutua bila kumeza, kunyonya kipande chembamba cha limau au donge dogo la barafu, na zaidi ya yote kwa kukata chumvi. Mwenye chumvi nyingi mwilini hawezi kushindana na kiu.

Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai kisichojaa, yaani gramu 5, na humo imo ile iliyofichwa kwenye mkate, unga wa mchuzi na vidonge vya supu. Papa mkavu, ng'onda na dagaa wa chumvi waachwe.

Mpime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, akiwa na nguo zilezile. Kilo moja juu kwa siku moja, au mbili kwa wiki, ni maji hayo.

Furosemidi, dawa ya kukojoza, husaidia mradi mkojo upo. Dozi ya kawaida ya kidonge kimoja cha miligramu 40 kwa figo hizi haifiki popote. Anza na miligramu 80 saa 2 asubuhi na 80 nyingine saa 8 mchana, si usiku, asije akakesha chooni. Tabibu anaweza kupandisha hadi 240 kwa siku. Masikio yakianza kuvuma, punguza.

Hatua ya 5: Potasiamu jikoni

Potasiamu ikizidi husimamisha moyo, mara nyingi bila kupiga hodi. Udhaifu wa miguu na mapigo ya moyo ya polepole au yasiyo na mpangilio ni dalili, ila wengi hawapati dalili yoyote.

Maji ya madafu yasiguswe. Watu humletea mgonjwa kama zawadi ya heshima, na ndiyo hatari zaidi kwenye kikapu kizima. Juisi za matunda, ukwaju, parachichi, ndizi mbivu, nyanya ya kopo na ubuyu vifuate mlango huohuo. Birimbi, za kachumbari na za achari, zina asidi inayoziharibu figo zenyewe. Na jamaa yake, lile tunda ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, lina sumu ambayo mwenye figo zilizofeli hawezi kuitoa. Huanza na kwikwi isiyokoma, kisha kuchanganyikiwa, na linaweza kumuua.

Viazi, muhogo na ndizi za kupika si lazima vifutwe, ila njia ya kupika ibadilike. Menya, kata vipande vyembamba, weka kwenye sufuria yenye maji mengi, chemsha dakika kumi, mwaga. Weka maji mapya, chemsha hadi viive, mwaga tena. Ndipo uunge. Kuloweka peke yake hakutoi kitu cha maana. Ni kuchemsha ndiko kunakoitoa. Viazi vya kukaanga na ndizi choma vinabaki na potasiamu yote. Mchicha na matembele vifanyiwe vivyo hivyo, ukamuliwe maji. Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe, yachemshwe kwa maji mengine, na mchuzi wake usinywewe.

Ugali wa sembe ni bora kwake kuliko dona, na wali mweupe ni bora kuliko wa kahawia. Ni ushauri unaopingana na yote aliyoambiwa kuhusu kisukari, kwa hiyo mweleze kwa nini. Kipande cha nanasi kinafaa. Yai moja au kipande cha samaki mbichi kwa siku kinatosha, na asinyimwe protini mpaka akakonda.

Wiki za mwisho, hamu ya chakula ikishakwisha, masharti haya yalegezwe. Akitamani nusu ya ndizi, mpe.

Hatua ya 6: Dalili moja moja

*Kuwashwa.* Aoge maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi, bila dodoki na bila sabuni kali. Ngozi ikiwa bado na unyevu, apakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato au mafuta ya nazi, asubuhi na jioni. Kucha zikatwe. Nguo na shuka ziwe za pamba, zisuuzwe mara mbili ili sabuni ya unga iishe. Piritoni humlaza tu, kuwashwa kunabaki.

Dawa inayofanya kazi ni gabapentini, miligramu 100 usiku, kwa kuanzia usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Taabu ni kwamba kapsuli nyingi za huku ni za 300. Ifungue, changanya unga na maji ya kunywa mililita 15 kwa kutumia bomba la sindano lisilo na sindano, tikisa, mpe mililita 5, mwaga zilizobaki. Kila mara changanya upya. Asizidi miligramu 300 kwa siku. Akilala mchana kutwa, kuyumba au kurukaruka mikono, simamisha. Dawa hiyohiyo hutuliza miguu isiyotulia usiku na maumivu ya kuungua ya kisukari. Isipopatikana, jaribu amitriptilini nusu ya kidonge cha miligramu 25 usiku.

*Kichefuchefu.* Kwanza uliza choo. Mwenye siku tano bila choo atatapika hata umpe nini: bisakodili miligramu 5 hadi 10 usiku, au laktulosi mililita 15 mara mbili. Kisha haloperidoli, nusu ya kidonge cha miligramu 1.5 usiku. Metoklopramidi ni miligramu 5 mara mbili kwa siku, yaani nusu kidonge, nusu saa kabla ya kula. Kipimo kizima humletea mikakamao ya shingo na taya. Usizitoe dawa hizo mbili pamoja. Chakula kiwe kidogo mara tano au sita, kisiwe cha moto sana, na jiko lisiwe karibu na kitanda.

Kinywa chenye ladha ya chuma au harufu ya mkojo kisukutuliwe kwa nusu kijiko cha chai cha bikaboneti ya sodiamu kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, kila baada ya kula.

*Kubanwa pumzi.* Tafuta sababu: maji mapafuni, damu iliyopungua, au asidi iliyozidi mwilini. Mwenye maji hawezi kulala chali na uzito umepanda. Mwenye asidi hupumua kwa kina na haraka hata mapafu yakiwa safi. Huyu vidonge vya bikaboneti ya sodiamu vya miligramu 500, kimoja au viwili mara mbili kwa siku, vinaweza kumsaidia, ila vina sodiamu, hivyo tazama miguu. Magadi ya kupikia maharage si mbadala wake. Damu ikihitajika, chupa moja iende kwa saa tatu hadi nne pamoja na furosemidi, si haraka.

Nyumbani: mkalishe, mito mgongoni, meza na mto mbele aegemee, dirisha wazi, na upepo wa feni au wa kipepeo uelekezwe usoni. Upepo usoni hupunguza ile hisia ya kukosa hewa hata pasipo oksijeni.

*Maumivu.* Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 8, isizidi gramu 3 kwa siku. Hatua inayofuata ni tramadoli miligramu 50 kila baada ya saa 12, isizidi 100 kwa siku, na asipewe aliyewahi kuanguka kifafa. Kodeini ikwepwe. Pethidini isitumike kabisa, mabaki yake hujikusanya na kuleta kifafa.

Hatua ya 7: Morfini, bila woga na bila pupa

Kwa figo hizi, fentanili au methadoni zingekuwa salama zaidi, lakini mara nyingi kilichopo kabatini ni morfini ya maji. Itumike, kwa kuwa kumwacha mtu akilia si usalama. Uganda, ambako Hospice Africa ilianza kazi mwaka 1993, iliruhusu wauguzi waliosomea huduma shufaa (matunzo ya kupunguza mateso ya mgonjwa asiyepona) kuandika morfini tangu mwaka 2004, na kwa hiyo imefika hadi vijijini.

Soma chupa kwanza. Kuna ya miligramu 1 kwa kila mililita na kuna ya miligramu 10. Aliyezoea ya kwanza akipewa chupa ya pili, anatoa mara kumi. Andika dozi kwenye karatasi kwa mililita na kwa miligramu, na chora mstari wa wino kwenye bomba la sindano mahali dawa inapoishia.

Anza na miligramu 2.5 kwa mdomo kila baada ya saa 8 hadi 12. Mzee aliyedhoofika, 1.25. Usiweke muda wa saa 4 kama kwa mgonjwa wa saratani mwenye figo nzima. Mpe siku moja au mbili kabla ya kupandisha. Usitumie vidonge vya kutoa dawa polepole. Dawa ya choo ianze siku hiyohiyo.

Dalili za kuzidi huja kwa mpangilio: kwanza kusinzia katikati ya sentensi, kisha misuli kushtukashtuka, kuona vitu visivyokuwepo, mwisho pumzi kupungua. Ukiona kushtuka, ruka dozi na urefushe muda kati ya dozi, usiongeze nyingine ukidhani ni maumivu. Pumzi chini ya 8 kwa dakika na mtu haamki ni dharura: naloksoni (dawa inayoondoa nguvu ya morfini) kidogokidogo, miligramu 0.04 hadi 0.1 kila baada ya dakika mbili tatu mpaka apumue vizuri, na mwangalie saa nyingi, kwa sababu naloksoni itaisha kabla ya morfini.

Hatua ya 8: Siku za mwisho

Mara nyingi sumu zikijikusanya humlaza usingizi mzito, na hufariki humo. Waeleze ndugu mapema watakachokiona: kulala zaidi, kutokula, kuchanganyikiwa, pumzi ya kina yenye sauti. Pumzi hiyo ni ya asidi na mgonjwa aliyelala hivyo haisikii, ila mtu asiyejua atamkimbiza hospitali usiku wa manane na mgonjwa atafia kwenye bodaboda au kwenye foleni.

Acha vidonge vya presha, sukari na damu. Acha kupima. Dripu isiwekwe, itamjaza maji mapafuni. Zibaki dawa za maumivu, kichefuchefu na kuhangaika tu, kwa sindano ndogo chini ya ngozi kama muuguzi anaweza kufika: morfini ya sindano nusu ya dozi ya mdomo, haloperidoli miligramu 0.5 hadi 1, midazolamu miligramu 2.5 kwa anayehangaika. Mahali pasipo na muuguzi, acha dayazepamu ya sindano miligramu 10 ndani ya bomba lisilo na sindano, na umfundishe ndugu mmoja kuisukuma kwenye njia ya haja kubwa mgonjwa akipata mishtuko ya kifafa.

Kooni pakianza kukoroma, mlaze ubavu. Kwa Mwislamu, ubavu wa kulia akielekea kibla unatimiza yote mawili. Hayosini butilbromidi (Buscopan) miligramu 20 chini ya ngozi husaidia ikitolewa mapema. Midomo ilowanishwe kwa pamba, mwili ugeuzwe kila baada ya saa mbili hadi nne.

Baada ya mazishi, chupa ya morfini iliyobaki irudishwe duka la dawa la hospitali iliyoitoa, isimwagwe wala isigawiwe jirani mwenye mgongo. Na watoto wa marehemu wapimwe presha, sukari na protini kwenye mkojo, hasa kama mzazi alikuwa na presha, kisukari au figo zenye vifuko vya maji.